Kasa wa Muanda, chupa ya Bukavu: ni nini kweli inamaliza hawa wanyama

Mutoto wa dada yangu ana miaka tisa. Siku moja jioni umeme umerudi kiisha masaa mingi ya delestaji, kila mutu nyumbani anakimbilia prizi, yeye akanikalia karibu na simu ya mama yake, akanionyesha ile video yenye watu wengi wamekwisha kuona, ya kasa mwenye mrija wa plastiki umemuingia mu pua, watu wanavuta na koleo, damu inatoka, mnyama anafungua kinywa kama anataka kulia. Akaniuliza, "Mujomba, huyu ni wa ziwa yetu?" Nikamuambia hapana, huyo ni wa bahari, video walichukua Costa Rica mwaka 2015, wa namna hiyo mu Kivu hakuna. Akanyamaza kidogo, kisha akatoa swali yenye ilinipa shida kuliko video yenyewe: "Sasa plastiki yetu sisi inaendaka wapi?"

Nilimujibu mbaya siku ile, nilimuambia inabakiaka ku ziwa. Kumbe hapana, ama tuseme si yote. Sisi wa Bukavu tunaonaka Kivu kama beseni, maji iko pale tu, asubuhi na jioni ni ile ile. Lakini inatoka. Inatokea pale Ruzizi ku mpaka, inashuka bonde mpaka Tanganyika upande wa Uvira, na Tanganyika iko na mulango mumoja tu wa kutokea, muto Lukuga pale Kalemie, Lukuga inaingia Lualaba, na Lualaba njo Kongo yenyewe, kisha Kisangani, Kinshasa, Inga, Boma, mwisho ni Banana na Muanda, Bahari ya Atlantiki. Goma nayo iko mu hiyo hiyo maji. Na ndugu zetu wa Lubumbashi wasicheke: Kafubu yao inaenda ku Luapula, Luapula inaingia ziwa Mweru, Mweru inatoka na Luvua, Luvua inakutana na Lualaba pale Ankoro. Donc miji yote tatu, hata kama kwa kuongea na kwa biashara tunaangaliaka Mombasa na Dar, kwa maji tunaangalia Muanda. Na Muanda, ile pwani yetu fupi ya kilometa 40 hivi, nchi kubwa namna hii na bahari kidogo vile, njo fasi kasa wanapandaka usiku kutaga mayai.

Tuelewane kwanza ku majina juu huku kwetu tunachanganya. Kobe ni ule wa inchi kavu, wa hadithi za bibi, mwenye akili mingi na mwendo kidogo, ukimugusa anaingiza kichwa na miguu ndani ya gamba. Kasa ni neno ya watu wa pwani, ni ule wa baharini, miguu yake ni makasia, na kichwa haiingii ndani hata umutishe namna gani. Huku wengi tunasemaka torti tu, tunamaliza. Dunia nzima iko na aina saba za kasa. Kwa pwani ya Kongo wawili njo wanapanda kutaga: kuko ule mudogo wa rangi ya zeituni, kilo 40 hivi, na kuko ule mukubwa kupita wote, Wafaransa wanamuita luth, mugongo wake ni kama ngozi ya kiatu, anafika kilo 400 ama 500, mizani ya ng'ombe dume, na mumoja mwenye mawimbi ilimutupa kule Wales mwaka 1988 walimupima wakapata kilo 916. Kasa wa kijani na ng'amba, aina zingine mbili za kasa, nao wanapitaka hapo kutafuta chakula.

Sasa twende ku swali yenyewe. Ukiuliza watu kumi nini inaua kasa, tisa watakuambia plastiki, juu plastiki iko na video. Mimi pia nilikuwa mu hao tisa. Kumbe plastiki ni mumoja wa wauaji, na si wa kwanza.

Hesabu ya kasa

Ili uelewe shida inatoka wapi, lazima uelewe vile huyu mnyama anaishi, juu maisha yake ni ya polepole sana. Mama anapanda plaji usiku, anachimba shimo na makasia ya nyuma, anataga mayai karibu 100, anafukia, anarudi baharini na haangalii nyuma. Anaweza kurudia mara kadhaa mu msimu mumoja, kisha anapumuzika miaka miwili mitatu. Mayai inakaa mu muchanga karibu siku 60, inapasuka, watoto wanatoka wote pamoja usiku kama watoto wa shule kengele imelia, wanakimbilia maji, na hapo kaa, ndege, mbwa, samaki, kila mutu anajilipa. Watafiti wanakadiria kwamba mu watoto elfu moja, mumoja hivi njo anafika utu uzima. Na kufika si kesho: kasa wa kijani anaweza kuchukua miaka 20, 30, hata kupita, mbele ya kutaga yai yake ya kwanza.

Fikiria kijiji yenye inapeleka watoto elfu ku shule na mumoja tu njo anapata diplome ya Leta. Ukimugonga huyo mumoja na gari siku anarudi nyumbani, haukuua mutu mumoja, umefuta kazi ya elfu moja na ya miaka yote ile. Mama kasa njo huyo. Kwa hiyo kifo ya yai na kifo ya mama hazina bei moja hata kidogo, ingawa zote mbili zinaumiza kuangalia.

Hii si filosofia yangu. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walikaa wakafanya hesabu ya kasa wa aina moja wa pwani ya Atlantiki ya kwao. Wakati ule nguvu yote ya watu wa conservation ilikuwa ku plaji, kulinda mayai, kufukuza wanyama wenye wanafukua mashimo. Hesabu ikaonyesha kitu yenye ilishangaza wengi: hata ulinde mayai yote na watoto wote wa mwaka wa kwanza, asilimia 100, hawa kasa wataendelea tu kupunguka, kama kule baharini wakubwa na wale wenye wanakaribia ukubwa wanaendelea kufa mu nyavu. Ni kama kujaza pipa yenye imetoboka chini. Unaweza kuongeza maji kutoka asubuhi mpaka usiku.

Tundu ya chini ya pipa: nyavu

Kasa anapumua hewa kama sisi. Akilala chini ya maji bila wasiwasi anaweza kukaa masaa, lakini akishikwa mu wavu anapigana, hewa inaisha haraka, anakufa maji, kiumbe ya bahari anakufa maji, na hapo hakuna mutu alimutaka. Muvuvi alitaka kamba, njo zile krevete za bahari, ama samaki. Njo maana hii kitu ni ngumu kuliko ujangili wa tembo: kwa tembo kuko mutu mubaya mwenye bunduki, kwa kasa mara mingi kuko tu baba mwenye alitega wavu yake apate cha watoto.

Nyavu za kamba, zile meli inavuta chini ya bahari kama fagio, njo zilikuwa mbaya kupita. Na dawa yake ilitoka kwa muvuvi mwenyewe, hii sehemu naipenda sana. Sinkey Boone, mutu wa Georgia kule Marekani, mu miaka ya 1960 alikuwa amechoka na viumbe laini vya bahari, wale kama mifuko ya maji, vyenye vilijaa mu wavu yake na kumuharibia kazi. Akaweka ndani ya wavu kama kreti ya vyuma vya kusimama, na tundu ya kutokea: kamba ni wadogo wanapita katikati ya vyuma wanaenda nyuma ya wavu, kitu kikubwa kinagonga vyuma kinateleza kinatoka inje. Hakufikiria kasa. Lakini kasa naye ni mukubwa, naye anatoka, na hiyo mashine ikitengenezwa muzuri inaokoa karibu 97 kwa 100 ya kasa wenye wanaingia. Kuanzia 1987 Marekani ikaanza kulazimisha wavuvi wake wa kamba waiweke. Wavuvi walikasirika, kulikuwa na fujo, meli zilifunga bandari. Mwaka 1989 ikatoka sheria ingine ya kusema kamba ya inchi ingine haitaingia Marekani kama wavuvi wa kule hawana namna ya kuacha kasa watoke, na hapo India, Malaysia, Pakistan na Thailand wakaipeleka Marekani mbele ya shirika la biashara la dunia, kesi ikaamuliwa 1998. Sitaingia mu kesi, ni ndefu, muelewe tu kwamba vyuma vya muvuvi mumoja wa Georgia vilifika mpaka huko.

Kwa nyavu za mitumbwi midogo ile mashine haifai. Huko wamejaribu kitu yenye mutu wa Kivu ataielewa haraka kuliko mutu wa Paris. Nyinyi wote munajua taa za wavuvi wa sambaza usiku, ukikaa Nguba ukiangalia ziwa utasema kuko muji ingine juu ya maji. Taa inavuta vidudu vidogo, sambaza wanafuata chakula, wavu inapanda. Sambaza wenyewe si wa hapa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini leo nani atakumbuka. Basi kule Peru wavuvi walifunga vitaa vidogo vya kijani ku nyavu zao za usiku, na badala ya kuvuta kasa vikamuonyesha wavu iko wapi: utafiti wao wa 2016 ulikuta kasa wa kijani wenye wanashikwa walipunguka karibu asilimia 64, na samaki wa muvuvi hawakupunguka. Taa ile ile, huku inaita, kule inafukuza. Nilimuambia muzee mumoja muvuvi wa hapa hiyo habari, akacheka akasema, "Mwanangu, na betri nani analipa?" Na njo swali yenyewe. Kule Peru waliitoa ku mukono ya mradi. Mahali hakuna mradi, taa ni deni.

Mayai, nyama, na uongo wa macho

Musidhani sasa nasema mayai si kitu. Kuko mahali mayai njo ilimaliza kila kitu, lakini ilimaliza kwa ujanja. Rantau Abang, Malaysia, miaka ya 1950 kasa wa luth walikuwa wanachimba mashimo karibu 10 000 kwa mwaka. Watu wakachukua mayai karibu yote, mwaka kwa mwaka, na mwaka unaofuata kasa wakarudi tu kama kawaida, donc watu wakasema munaona, hakuna shida, bahari haiishi. Wenye walikuwa wanarudi ni wazee. Nyuma yao hakukuwa na vijana wanaokuja. Wazee wakaendelea kufa mu nyavu moja moja, na siku walianza kuisha, waliisha mbio. Miaka ya 2000 mashimo ilikuwa ya kuhesabu na vidole. Macho ilidanganya watu kwa miaka makumi, juu mnyama wa polepole hata kuisha kwake kunachelewa kuonekana.

Nyama pia inakuliwa, pwani yote ya Afrika ya kati na magharibi wanakulaka, Muanda pia, na sitaki kumuhukumu mutu wa Muanda mimi mwenye nimekaa hapa Bukavu na sahani yangu ya bugali na sambaza, watu wenye wanavua samaki kwa nyavu ya mustikere mu ziwa yetu ni majirani zangu. Njaa haisomi sheria. Na sheria iko: Kongo iliingia mu mkataba wa CITES tangu 1976, wenye unakataza kuuza kasa kutoka inchi moja kwenda ingine, na iko na sheria ya kulinda viumbe ya 2014.

Lakini kuko sababu ingine ya kuacha nyama hiyo, na haina uhusiano na kuhurumia mnyama. Nyama ya kasa mara ingine iko na sumu. Haijulikani kwa macho, haina harufu, ukipika haiishi, dawa ya kuikata hakuna, na mama anaweza kuipitisha ku maziwa. Pemba, Zanzibar, mwezi wa tatu 2024, familia za kisiwa cha Panza walikula kasa, watoto 8 na mama mumoja wakakufa, wengine 78 wakalazwa. Na 2021 ilikuwa imetokea Pemba hiyo hiyo, watu saba. Kule kasa wanaonwa ni chakula ya heshima. Kama uko na ndugu Kongo Central, hii njo habari ya kumutumia mbele ya zote.

Plaji yenyewe

Kuko mambo ya plaji yenye nitapitisha haraka, si juu ni ndogo, ni juu dawa yake iko wazi. Mutoto wa kasa akitoka shimoni usiku anatafuta fasi yenye inangaa, juu kwa asili bahari inangaa kuliko inchi kavu. Weka oteli, lampi ya barabara, gari, anageuka anaenda huko, asubuhi unamukuta amekauka. Zima taa, ama weka za rangi nyekundu na uzifunike zisiangalie maji, na shida inaisha. Muchanga nao unachimbwa kwa kujenga, bahari inakula pwani, Muanda nyumba zimeanguka juu ya hiyo, na pale Banana kunajengwa bandari kubwa tangu 2022, karibu kabisa na parki ya mikoko ya bahari yenye Leta iliunda mwaka 1992. Bandari tunaitaka, hakuna Mukongomani mwenye hataki bandari. Taa zake, meli zake na muchanga wake njo mambo ya kufuatilia.

Yenye haina dawa wazi ni joto. Kasa hazaliwi muke ama mume tangu yai linatagwa, ni joto ya muchanga njo inaamua. Karibu na digrii 29 wanatoka nusu kwa nusu, ikipanda wanatoka wasichana, ikishuka vijana wa kiume. Sasa dunia inapata moto. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walitoa habari ya kasa wa kijani wa kaskazini ya ile miamba yao mikubwa ya matumbawe: kati ya wale bado hawajakomaa, zaidi ya 99 kwa 100 ni wa kike. Kwa muda mufupi unaweza kufurahi, mama wengi mayai mingi. Kisha unajiuliza watazaa na nani. Mahali fulani wanahamisha mayai kivulini, wanamwagia muchanga maji. Ni kazi ya kuzima moto na kikombe, lakini bora kikombe.

Turudi ku chupa

Nilimuahidi mutoto jibu, tukashuka naye siku ya mosi mpaka karibu na muto Kawa, wenye unatoka upande wa Kadutu na kila kitu yenye Kadutu haitaki. Mvua ilikuwa imenyesha. Chupa, sashe, sandali, kichwa ya mwanasesere, yote inaenda ziwani. Kutoka hapo inafuata maji mpaka kinywa ya Ruzizi, na pale iko baraji, Ruzizi ya kwanza, imejengwa mwisho wa miaka ya 1950. Hiyo plastiki inaziba baraji, wafanyakazi wanaitoa na mikono na mashine, na plastiki ikishinda watu tunakosa moto. Munaelewa sasa, chupa yenye unatupa Kadutu kabla ya kuua kasa wa mutu inaanza kwanza na lampi yako mwenyewe.

Je, inafika Muanda? Sitamudanganya mutu. Kati ya hapa na Banana kuko mabaraji, kuko Tanganyika yenye maji yake inakaa miaka mamia mbele ya kutoka, kuko majani, kuko vijiji, kuko Inga. Chupa ya Bukavu kufika nzima ni kama bahati nasibu. Lakini plastiki haiozi, inavunjika, kila mwaka inakuwa ndogo zaidi na nyepesi zaidi, na Kongo inakusanya maji ya miji mingi kupita Bukavu: Kisangani, Mbandaka, Kinshasa na Brazzaville zikiangaliana zote mbili na sashe zao. Yenye inatokea Banana ni jumla yetu.

Na ikifika inafanya nini? Luth anakula wale viumbe laini kama mifuko ya maji, nimewataja pale juu, na koo yake imejaa miiba laini yenye inaangalia ndani, ili chakula kikiingia kisitoke. Sashe yenye inaelea kwake ni kiumbe hicho hicho, na ikiingia miiba inaipeleka mbele tu, kutapika hawezi. Mwaka 2020 watafiti walikuta kwamba plastiki yenye imelowa baharini inapata harufu ya chakula, kasa anaifuata kwa pua. Na mu 2018 Waaustralia walifungua kasa karibu elfu wenye walikufa, wakahesabu: mwenye alimeza vipande 14 yuko na nusu ya uwezekano wa kufa juu yake, na hata kipande kimoja tu kinatosha kuua, uwezekano ni 22 kwa 100. Kipande kimoja.

Kuhusu sheria, Kongo ilikataza sashe za plastiki kwa dekre ya mwezi wa kumi na mbili 2017. Soma tena, 2017. Leo asubuhi nilinunua nyanya kwa mama wa soko, ziko ndani ya sashe. Ukivuka hapo ku jirani, Rwanda walizikataza tangu 2008, ku mpaka wanakunyanganya sashe unabaki na viatu mukononi, nilikasirika mara ya kwanza, nilikuwa na unga ndani. Tofauti ya upande mumoja wa Ruzizi na mwingine si karatasi ya sheria, karatasi tuko nayo.

Wenye wamefaulu

Kama ingekuwa habari mbaya tupu nisingeandika, mutoto angekosa usingizi na mimi pia. Mwezi wa kumi 2025 wale wenye wanapanga orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini walimutoa kasa wa kijani mu hatari wakamuweka mu kundi ya wenye hawana wasiwasi mingi, juu hesabu yao ilionyesha amepanda karibu asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Miaka hamsini ya kazi. Ng'amba bado yuko mu hatari ya mwisho kabisa, yeye walimumaliza juu ya gamba yake ya kutengeneza vichana na miwani, Japani ilinunua sana mpaka ilifunga mulango mu miaka ya 1990. Kule Mexico kuko mudogo mwenye wanamuita Kemp, filamu ya mwaka 1947 ilionyesha wake wapatao 40 000 juu ya plaji moja siku moja, na 1985 mashimo ilibakia 702 mwaka mzima. Wakalinda plaji, wakalazimisha zile nyavu za vyuma, ikarudi mpaka maelfu, kisha tangu 2010 imekuwa ya kusuasua. Huko utaona mayai na nyavu vilienda pamoja, kama ile hesabu ya 1987 ilisema.

Lakini yenye inanigusa zaidi ni ya karibu yetu. Pointe-Noire, ku Kongo ya ng'ambo, shirika Renatura lilielewa kitu ya kawaida kabisa: muvuvi akikuta kasa mu wavu, njia rahisi ya kuokoa wavu ni kumuua mnyama, kumukatakata na kumutoa, nyama anauza. Akitaka kumutoa muzima, wavu inapasuka. Kwa hiyo walifanya makubaliano, muvuvi anamuachilia muzima mbele yao, wao wanamupa vifaa vya kushona wavu yake. Watamu, Kenya, kuko jambo linalofanana tangu mwisho wa miaka ya 1990, muvuvi anapiga simu, wanakuja kuchukua kasa, wanamupima, wanamuachilia, na yeye anapewa kitu kidogo cha muda wake. Maelfu na maelfu wamepita hivyo. Ukiangalia vizuri, hakuna mutu alihubiriwa. Muzee wangu wa betri angekubali hiyo.

Shida yenye inabaki ni kwamba kasa hajui mpaka. Gabon, jirani wa jirani yetu, iko na luth wengi kupita karibu dunia yote, hesabu ya 2009 ilisema wake kati ya 15 000 na 41 000, na 2017 Gabon ilitenga karibu robo ya bahari yake. Muzuri sana. Kisha mama mumoja walimufunga chombo cha setilaiti, akatoka hapo akavuka Atlantiki mpaka upande wa Amerika ya Kusini, kilometa 7 563. Gabon haiwezi kumufuata huko, kule anakutana na ndoano za meli za inchi zingine, mstari mumoja wa ndoano unafika makumi ya kilometa. Kwa hiyo mwaka 1999 inchi za pwani ya Atlantiki ya Afrika ziliandika makubaliano Abidjan ya kulinda kasa pamoja. Kazi yake inaenda kwa mwendo wa makubaliano.

Kama siku moja kazi ama harusi inakupeleka Muanda, kati ya mwezi wa kenda na mwezi wa tatu hivi, na unatembea plaji usiku, ukaona alama juu ya muchanga kama vile trakta imepita kutoka majini, simama hapo. Zima tochi ya simu. Mama kasa mwenye bado anachimba akiona mwangaza anarudi baharini bila kutaga, lakini akianza kutaga anatulia, unaweza kukaa nyuma yake mbali kidogo ukaangalia. Usifukue. Ukiona watoto wanatoka, usiwabebe kuwapeleka majini hata kama roho inakuuma, wanasayansi wanafikiri kutembea ule muchanga kunawasaidia kushika fasi yenye walizaliwa, wanaisoma kwa sumaku ya dunia, na wale wa kike wenye watafika njo watarudi karibu na hapo kutaga. Ondoa tu chupa na nyavu zenye ziko njiani mwao, fukia shimo yenye watoto wa binadamu walichimba mchana, na shika mbwa.